Hatia ya Straton wa Kingi

Jaketi lilikuwa la Mumbere. Hilo halikuwa na ubishi.

Msomaji wa wiki jana anakumbuka tulipokatia: motari wa Masisi, waendesha pikipiki za abiria, wamejaa uani kwa Straton, mtengeneza jibini wa Kingi, mawe mikononi, macho mlangoni. Wote walitegemea atoke Straton. Mlango ukafunguka, akatoka binti yake Nishimwe, na mwilini amevaa jaketi la marehemu.

Aliyekosa gazeti la wiki jana ashike hili tu. Mumbere, dereva wa lori, aliteketea pamoja na gari lake kwenye barabara ya Walikale, mwaka ule vita vilipozidi. Dada yake, Mama Kavugho, mwenye duka mjini Masisi, alizika mifupa na chuma cha mkanda. Tangu siku ya mazishi hakutoa chozi. Alitafuta muuaji. Akatafuta sokoni, akatafuta kanisani, akatafuta hadi usingizini, na kila alikogeuka alimkuta mtu mmoja tu: Straton, aliyewahi kugombana na Mumbere juu ya jibini lililooza lorini.

"Mumeona?" Kavugho alipaza sauti. "Bantu ya Masisi, mumeona na macho yenu? Nguo ya ndugu yangu iko ku mwili ya mutoto ya muuaji!"

"Mama, sikia kwanza..."

"Nisikie nini? Vua!"

Nishimwe hakuvua. Alisimama palepale kizingitini.

"Alinipatia yeye mwenyewe, mama. Asubui ile kulikuwa baridi. Alisema niivae mpaka atarudi." Akamtazama Kavugho machoni. "Mumbere alikuwa bwana yangu. Alikuwa anatafuta tu namna ya kukuambia, ili mulete mbuzi ya mahari kwa baba."

Akalifungua jaketi. Tumbo la mimba lilikuwa limeshamtangulia.

Katembo, mkubwa wa motari, aliyekuwa amekula sahani moja na Mumbere miaka mingi, aliachia jiwe lake likaanguka lenyewe. Wawili watatu nyuma yake walianza kutazama pikipiki zao.

Angekuwa mtu mwingine, mambo yangeishia pale. Lakini Kavugho alikuwa amekwisha kuwa tanuri, na kila jibu alilopewa lilikuwa kuni.

"Kumbe!" akapiga kofi kubwa. "Kumbe njo sababu! Nilikuwa najiuliza, fromaji yenye ilioza inaweza kufanya muntu auwe mwenzake? Sasa tumejua. Aliona mutoto yake ameharibiwa, akamuchoma mwenye kumuharibu!"

Katembo aliliokota jiwe lake.

Hapo ndipo Straton alipotokea upande wa zizi, kofia yake ya majani kifuani, ameishika kama mtu anayeingia kanisani. Mtu mrefu, mwenye mvi za mapema. Hakukimbia. Alikuja moja kwa moja hadi mbele ya Kavugho.

"Mama Kavugho, nakuomba. Twende pembeni, mimi na wewe tu. Kuna neno iko lazima uisikie."

"Pembeni? Munasikia? Pembeni! Anataka kunimaliza na mimi! Sema hapa, mbele ya bantu yote."

Straton aliwatazama wale watu, mmoja baada ya mwingine. Alizitazama zile nyuso za barabarani, nyuso zinazobeba abiria na habari kila siku kutoka Kashuga hadi Walikale. Akatikisa kichwa.

"Hapa siwezi."

"Hawezi!" akalia Kavugho. "Muntu yenye haiko na kosa angeshindwa kusema?"

Jiwe la kwanza lilitoka mkononi mwake yeye mwenyewe.

Yaliyofuata hayasimuliki kwa raha. Straton alianguka chini ya fimbo na mateke, akajikunja. Mtu akamrukia mguuni, mfupa ukalia kama kuni kavu. Wengine waliingia zizini, wakamtoa ng'ombe wa pekee aliyebaki, wakamchinja huku Nishimwe akiwavuta mashati. Kavugho alisimama katikati ya vumbi. Alikuwa ameingoja siku hii kama mtu anavyongoja mvua. Mbona haikumpoza?

"Muue!"

Sauti ilitoka njiani. Mukandayisenga, mke wa Straton, alikuwa anarudi shambani na jembe begani. Alilitupa, akapita katikati ya wanaume wale kama hawapo, akajilaza juu ya mumewe.

"Haya, mumuue! Mumumalize! Na Mumbere naye atakufa leo, njo mutafurahi!"

Fimbo zikabaki hewani.

"Unasema nini wewe?" Katembo akauliza.

"Mumbere iko muzima! Banamushika huko musituni, upande wa Walikale. Ng'ombe zetu zote zimeenda kule, moja moja, ili basimuue. Munafikiri tuliuza? Nani alituona sokoni tukiuza?"

Kavugho alicheka, kicheko kibaya. "Nilimuzika na hii mikono."

"Ulizika muntu, mama. Ulizika nani, mimi sijui."

"Uongo! Juu ya nini hamukuniambia? Miezi yote hii!"

Mukandayisenga aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umechafuka damu ya mumewe.

"Huyu hakukuja ku duka yako? Hakusimama pale na hii kofia akikuomba musikilizane pembeni? Ulifanya nini?"

Kavugho alikumbuka. Ilikuwa siku ya soko. Alimmwagia maji ya kufulia, akawaita watu waje wamwone muuaji aliyerudi kuchungulia kazi yake. Ziara ile aliitangaza kote, ikawa ushahidi wake mkubwa kuliko wote.

"Bale benye silaha balisema," Mukandayisenga aliendelea, "habari ikifika sokoni, kwa askari, banamukata. Na wewe, mama, kuna neno gani yenye ilifikaka kwako ikakosa kufika sokoni?"

"Uongo," Kavugho alisema tena. Safari hii alisema polepole.

Nishimwe akasogea. "Mama, habajamuonyesha baba uso wake, lakini Mumbere alitumaka neno moja. Sisi hatukuielewa, tulifikiri iko na homa. Alisema: muambie Mama Kijiko bado niko."

Kavugho aliketi vumbini.

Hakuna mtu Masisi nzima aliyelijua jina lile. Mama yao alifia kwao huko juu ya Butembo, Mumbere akiwa bado hajaota meno, na Kavugho, msichana wa kuchezea udongo, ndiye aliyemlisha mchuzi wa maharage kwa kijiko kimoja cha mti mpaka akasimama. Mtoto alipojua kusema alimwita Mama Kijiko. Walipokua waliliacha jina hilo lilale kati yao wawili, kama mambo ya ndugu yanavyolala.

"Iko wapi?" alitambaa hadi kwa Straton. "Papa Straton, iko wapi?"

Jicho moja la Straton lilikuwa limefumba kabisa. Aliongea kwa kutema.

"Leo njo siku ya mwisho. Balisema ng'ombe ya mwisho ifike leo, jua ikiwa bado haijashuka. Kama haifiki..."

Kavugho aligeuka kumtafuta ng'ombe.

Ng'ombe alikuwa amelala vipande vipande juu ya majani ya ndizi. Kijana mmoja alikuwa ameshajifungia ini lake kwenye shati, na sasa alisimama nalo, hajui alitupe au alifiche.

Mtu wa pekee aliyejua njia hawezi kusimama. Ng'ombe wa kumkomboa Mumbere ni nyama. Na vyote viwili vimefanywa kwa sauti ya Kavugho.

"Nitaenda mimi," alisema.

"Habakujui," Straton akajibu. "Bataona sura mpya, batapiga."

"Bapige."

Straton alimtazama kwa lile jicho moja. Kisha akaisukuma kofia yake kwa vidole, ikamfikia magotini.

"Vaa hii. Bananijua nayo. Ukipita Nyabiondo, utafika ku daraja ya miti. Acha barabara, fuata njia ya ng'ombe mpaka ku mianzi. Simama. Usiite muntu. Bao njo batakuona."

Kavugho aliipokea kwa mikono miwili. "Papa Straton, baada ya hii yote nimekufanyia, bado unanisaidia?"

"Sikusaidii wewe," Straton alisema. "Mutoto ya Nishimwe anataka baba."

Walimbeba kwenye machela hadi kituo cha afya wale wale waliompiga. Kavugho hakungoja kuona. Alilivunja duka lake mwenyewe: chumvi, sabuni, vitenge, batri, dawa za malaria, vyote vilivyoweza kukaa kwenye magunia mawili nyuma ya pikipiki. Katembo ndiye aliyemchukua.

Njiani, vilima vikipanda na kushuka, Kavugho hakufunga mdomo. Mumbere atakuwa amekonda. Watampa maziwa kwanza, chakula kizito baadaye. Arusi ifanyike Masisi, si Butembo, maana Nishimwe yuko karibu kuzaa. Lori si kitu, lori litapatikana lingine.

"Mama," Katembo alisema, uso mbele, "na ile mukanda?"

"Mukanda gani?"

"Yenye tulizika."

"Aliazimisha muntu," Kavugho akajibu papo hapo. "Mumbere na kuazimisha nguo, humujui? Jaketi si alimupa Nishimwe? Na mukanda njo vile vile. Abiria fulani alikuwa nayo."

Katembo akakazia macho barabara. Na wewe msomaji umeona. Asubuhi alikuwa na hakika kwamba Straton ni muuaji. Jua halijapita utosini, ana hakika nyingine, na hii nayo imeshaanza kujitafutia kuni.

Kwenye daraja la miti aliteremka. Katembo alibaki na pikipiki, maana kofia ilikuwa moja. Kavugho akabeba gunia kichwani na jingine mgongoni, akaifuata njia ya ng'ombe akiteleza kwenye matope, mpaka mianzi ikamfungia anga.

Akasimama. Hakuita.

"Kofia ni ya Straton," sauti ikasema nyuma yake. "Miguu si ya Straton."

Walikuwa watano au sita, wenye bunduki, wakubwa na vijana. Aliyesema alikuwa anatafuna hindi la kuchemsha, na wengine walimwita komanda.

"Straton iko wapi?"

"Iko mugonjwa. Mimi njo dada ya dereva."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe ilikufa. Nimeleta vyenye niko navyo."

Komanda aliyapiga magunia teke. Akachovya kidole kwenye chumvi, akalamba, akafumba macho. Chumvi msituni si kitu kidogo. Akawapa ishara wenzake.

"Lete dereva."

Kavugho aliyasikia majani yakichakacha. Aliona miguu kwanza, mikavu, yenye vidonda, halafu mikono iliyofungwa kwa kamba ya magome. Alikuwa ameshaanza kukimbia, mikono wazi, jina la ndugu yake limejaa kinywani, alipouona uso.

Hakuwa Mumbere.

Alikuwa kijana mwingine kabisa. Mfupi, kidevu chembamba, sikio moja limepasuka. Hakuwahi kumwona maishani.

Miguu ya Kavugho iligoma katikati ya uwazi.

"Nini?" komanda akaacha kutafuna. "Siye?"

Komanda akamsogelea.

"Mama, niko nakuuliza. Huyu alituambia yeye njo dereva wa ile kamiyo, iko na dada mwenye duka, iko na baba mukwe mwenye ng'ombe. Njo maana tumemulisha. Kama alitudanganya, sema tu. Hatuna chakula ya muntu ya bure."

Mmoja wao akakoki bunduki, taratibu, kama anayefungua mlango.

Kijana yule alimtazama tu Kavugho. Midomo yake ilicheza bila sauti, na Kavugho alisoma pale neno alilolijua. Kijiko.

Hapo akaelewa yote kwa mara moja. Lori lilikuwa na abiria. Safari nzima Mumbere, mwenye mdomo usiochoka, alikuwa amemsimulia abiria wake habari za dada yake, na mchumba wake, na mchuzi wa maharage. Na abiria huyu, aliposhikwa, alijua kwamba maskini asiye na mwenyewe hakombolewi. Akavaa maisha ya dereva kama mtu anavyovaa koti la maiti.

Mkanda ulikuwa wa Mumbere. Mifupa ilikuwa ya Mumbere. Mumbere alikuwa amelala Masisi, chini ya udongo alioushindilia yeye kwa mikono yake, na alikuwa amelala pale siku zote.

Ilimpanda hasira ya kutaka kuua. Kwa huyu mwizi wa jina la Mumbere, Straton amemaliza zizi lake! Kwa mwizi huyu yeye amekuwa na furaha tangu asubuhi! Ilikuwa rahisi kiasi gani kusema "siye". Neno moja, na lilikuwa la kweli.

Komanda alitupa gunzi la hindi.

"Njo yeye ao siye?"

Kavugho akavuta pumzi.

"Njo yeye," alisema. "Njo Mumbere yangu. Mumemukondesha hivi mpaka nimekosa kumutambua."

Akaenda akamkumbatia. Na alipomgusa, kile alichokuwa amekifungia tangu mazishi kilipasuka. Alilia. Alilia kwa sauti ya kwao, sauti ya wanawake wa kilimani wanapopokea maiti, akaanguka naye chini, akamshika kichwa, akalia jina la ndugu yake mpaka mianzi ikaitikia. Wale wenye silaha wakacheka wakidhani ni furaha. Mdogo wao mmoja aligeuza uso.

"Muchukue," komanda akasema. "Muende mbele sijabadilisha roho."

Walishuka njia ya ng'ombe wakishikana kama walevi. Hakuna aliyegeuka. Matope yaliwachukua, majani yakawapiga usoni, na kila hatua Kavugho alitegemea risasi mgongoni.

"Naitwa Shema," kijana alinong'ona walipokuwa mbali. "Niko wa kambi ya Kashuga. Mama, unisamehe. Nilitaka tu kuishi."

"Nyamaza. Tembea."

"Nilimusikia akiongea juu yako njia yote. Alikupenda."

"Nimesema tembea."

Waliendelea. Kavugho alikuwa akifikiria atakavyoingia kituo cha afya, atakavyopiga magoti kwa Straton, atakavyomtazama Nishimwe na lile tumbo na kumwambia kwamba baba hayuko. Alikuwa ameapa moyoni, kwa jina la mama yao, kwamba hatamnyoshea tena mtu kidole. Imekwisha. Mumbere ameuawa na vita, kama wengi. Atamlilia kama watu wanavyolilia wafu wao, na atakaa kimya.

"Mama." Shema alisimama. "Kuna neno. Nikikuficha, nitakuwa nimekuibia mara mbili."

"Neno gani?"

"Hawa balichoma kamiyo. Njo kweli, niliona. Lakini habakumuua Mumbere." Akatazama nyuma, kule mianzi ilikofungamana. "Wakati balifika, alikuwa ameshakufa."

Kavugho alimshika bega.

"Ameshakufa namna gani?"

"Aliuawa, mama. Na muntu yenye alimusimamisha njiani. Muntu yenye alimuita na jina lake, na yeye akashuka akicheka, kumusalimia."

Kiapo kilikuwa bado kibichi. Kavugho alijiuma mdomo. Usiulize, alijiambia. Nenda nyumbani, usiulize.

"Nani?" aliuliza.

Walikuwa wametokea kwenye mteremko juu ya daraja, na pale chini, kando ya pikipiki, Katembo alikuwa amesimama akiwapungia mkono. Shema alimwona. Miguu yake ikasimama, na uso ukamkauka. Pengine ni woga wa mtu aliyekaa mno msituni. Pengine ni njaa. Hakunyosha kidole, hakutamka kitu.

Lakini jina lilikuwa limeshamjia Kavugho mdomoni, jepesi, tamu, kama lilivyomjia lile la kwanza.